Kabla ya inchi, angalia waya: kununua na kufunga TV ya HD nyumbani

Watu wa hapa Kisumu wakinipigia simu kuhusu TV, swali la kwanza ni inchi ngapi. Mimi nauliza kwanza, utakuwa unaangalia nini, na kiti kiko mbali kiasi gani na ukuta? Maana TV inaonyesha tu kile imeletewa.

Juzi nimeitwa mtaa wa Manyatta, TV ni inchi 50, 4K, mpya kabisa, na picha ni ukungu mtupu, mama mwenye nyumba ameshaamua ameuziwa feki. Kuangalia nyuma napata dekoda imeunganishwa na zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Hiyo ya njano ikijitahidi sana inaleta mistari 576 ya picha, hata TV iwe ya bei gani. Nikachomeka HDMI, ile waya moja inayobeba picha ya HD na sauti, nikaingia setingi za dekoda nikaweka mistari 1080, nikatafuta chaneli ya HD yenye mpira, na mama akaanza kusoma namba za wachezaji mgongoni. "Mama, TV yako iko sawa, ilikuwa tu inanyimwa picha."

Sasa ukienda duka. HD Ready ni nukta 1366 kwa 768, Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni mara nne ya Full HD. Kwa inchi 32, na unakaa mita mbili unusu, tofauti hutaiona sana, chukua HD Ready. Kuanzia inchi 43 usikubali chini ya Full HD. 4K ni tamu kama una intaneti ya kustrimu, lakini kama ni dekoda na chaneli za kawaida pekee, mimi ningeshauri hiyo pesa ya juu uiweke kwa antena nzuri na TV gadi, kile kifaa cha kulinda TV stima ikicheza. Hakikisha pia kwa boksi imeandikwa DVB-T2, ndio mfumo wetu Kenya wa matangazo ya dijitali tangu analogi izimwe 2015, na chaneli za bure utazishika bila dekoda. Antena iwe ya UHF na ikae nje juu ya paa, chini ya mabati signo inakufa.

Rangi za dukani zisikuvute, huko huwa wameweka picha kwa Vivid, setingi ya rangi kali, ndio iwake kuliko ya jirani. Nyumbani weka Standard ama Movie, na Sharpness, setingi ya ukali wa picha, ishushe karibu na sufuri kwa sababu ikipanda inachora mistari nyeupe kando ya sura za watu. Usiifunge karibu na dari, shingo itauma, katikati ya skrini iwe karibu usawa wa macho ukiwa umekaa. Na usiielekeze kwa dirisha la upande wa ziwa, jua la jioni litakunyima taarifa ya habari.

Halafu radi, na hapa naomba sana mnisikie, nyinyi wa Kisumu, Kakamega na Kisii. Gadi inakata stima ikipanda ama ikishuka sana, na ikirudi inangoja kidogo kabla ya kuwasha TV, lakini haizuii radi. Wingu likifunga chomoa plagi kwa soketi, na uchomoe pia waya ya antena nyuma ya TV. TV nyingi ninazoletewa baada ya mvua kubwa, plagi ilichomolewa, antena ikasahaulika.