Si upepo uliomfungia Roberto Carlos

Bado wapo wanaodai frikiki ya Mbrazili Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa, mjini Lyon, Juni 3, 1997, ilibebwa na upepo. Hapana. Aliupiga mpira kwa nje ya mguu wa kushoto, pembeni kidogo ya katikati yake, ukaondoka ukizunguka kwa kasi. Mzunguko huo husukuma hewa upande mmoja, nao mpira hukunjia upande wa pili. Siri kubwa ni umbali, takriban mita 35: njiani mwendo wa mpira ulipungua zaidi kuliko mzunguko wake, hivyo mkunjo ukazidi kukaza karibu na lango. Mwokota mipira kando ya goli aliinama kuukwepa! Kipa wa Ufaransa, Barthez, akabaki kasimama, mpira ukagonga nguzo kwa ndani. Kutoka mita 20, shuti hilohilo lingetoka nje kabla halijakunja vya kutosha.