Kutolewa upya si remasta, na remasta si remiksi

Santuri ya zamani ikirudi dukani na jalada linalong'aa, hakosi mtu wa kusema "wameifanyia remasta". Mwingine anavuka mpaka kabisa: "hii ni remiksi". Mara nyingi hakuna hata kimoja kilichofanyika. Maana tuzimalize haraka. Kutoa upya ni kuirudisha sokoni rekodi iliyowahi kutoka. Remasta ni kuiandaa upya sauti yake kuanzia kwenye kanda ya mwisho ya studio. Remiksi ni kurudi nyuma zaidi, kwenye kanda ambako kila chombo bado kina njia yake, na kuvichanganya upya. La kwanza ni jambo la haki na biashara, mengine mawili ni ya mafundi wa sauti.

Wanaochanganya mambo haya nawaona zaidi wanapozungumzia The Sound, bendi ya kusini mwa London iliyoongozwa na Adrian Borland. Albamu yao ya kwanza, Jeopardy, ilitoka 1980 kwa lebo ya Korova, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya rekodi ya WEA. Mwaka huohuo Korova ilitoa pia albamu ya kwanza ya Echo & the Bunnymen. Mwaka 1981 ikaja From the Lions Mouth, na aliyeisimamia studioni ni Hugh Jones, ambaye mwaka huo alifanya kazi na Bunnymen vilevile. Wenzao wakapanda chati, wao wakaambulia sifa za wahakiki na mashabiki waaminifu wa Uholanzi. Bendi ikavunjika 1988, Borland akafariki 1999. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lebo ndogo ya Renascent ikazirudisha albamu hizo kwa CD, na 2014 lebo nyingine, Edsel, ikazitoa tena pamoja kwenye kasha moja la CD.

Kwa bendi ya namna hii, jasho kubwa la kutoa upya humwagika kwenye makaratasi: nani anamiliki rekodi, nani atatoa leseni, kanda ziko ghala gani. Yote hayo yanaweza kukamilika bila mtu kugusa sauti hata kidogo.

Sasa hilo neno masta. Mnamo 1980 studio ilirekodi kwenye kanda pana yenye njia 16 au 24, ngoma huku, besi kule, gitaa na sauti pembeni. Fundi akavichanganya vyote vikashuka kwenye kanda nyembamba ya njia mbili, kushoto na kulia. Hiyo ndiyo masta. Ikapelekwa kwa fundi wa kukata, akachonga mfereji kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani ikapakwa fedha, ikazamishwa kwenye nikeli kwa umeme, likapatikana bamba liitwalo baba. Baba akazaa mama, mama akazaa mihuri ya kukandamizia plastiki. (Ndiyo, baba ndiye aliyeanza kuzaa. Mambo ya viwandani hayo.) Wako mafundi wa kukata walioacha saini zao: santuri nyingi za Uingereza za enzi hizo, ukizielekeza kwenye mwanga, utaona karibu na lebo, pale mfereji unapoishia, pamekwaruzwa maneno "A Porky Prime Cut". Huyo ni George Peckham.

Fundi wa remasta anaanzia kwenye ile kanda ya njia mbili. Pengine ataanza kwa kuioka, kweli kabisa: kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980, hasa za Ampex, gundi yake hunyonya unyevu ikanata, zikahitaji joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa ndipo zichezeke. Baada ya hapo ataongeza besi, atapunguza ukali, ataondoa mivumo. Ila hawezi kuinua sauti ya Borland akaziacha ngoma za Mike Dudley palepale zilipo. Hiyo ni pilau iliyokwisha iva: chumvi utaongeza, binzari huitoi. Siku hizi zipo programu za kutenganisha vyombo, lakini ukizitumia kwa kazi hiyo umeshaingia shamba la remiksi.

Na remasta si sifa. Wimbo unaofungua Jeopardy, I Can't Escape Myself, unaanza kwa besi na ngoma chache, Borland akiimba kwa sauti ya kujizuia, kisha gitaa linalipuka. Uzito wake wote uko kwenye tofauti hiyo. Fundi anayetaka kila kitu kisikike kwa nguvu ileile toka mwanzo, kama ilivyokuwa desturi ya CD nyingi za miaka ya 1990 na 2000, ataua mlipuko huo, na bado stika ya mbele itajisifu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, stika iache, geuza jalada. Mwaka ulio kando ya herufi P ndani ya duara unahusu rekodi yenyewe. Ulio kando ya C unahusu picha na maandishi. Kisha tafuta jina la fundi wa remasta na studio yake. Ukilikuta, sema remasta kwa kujiamini. Usipolikuta, sema tu imetolewa upya.