Kutoka Kwenye Kiti cha Mzazi Hadi Ukingoni mwa Bwawa: Jinsi Tunavyowafunza Waamuzi wa Kuogelea

Kila msimu wa gala, yaani mashindano ya kuogelea, unapokaribia hapa Kampala, wazazi kadhaa hunijia wakiuliza kama ni lazima mtu awe amewahi kushindana majini ndipo afae kuwa mwamuzi wa kujitolea. Si lazima. Kusema kweli, waliowahi kushindana ndio hunipa kazi zaidi, kwa kuwa macho yao humfuata anayeongoza badala ya kubaki kwenye njia waliyopangiwa, yaani ukanda wa bwawa wa mwogeleaji mmoja, ilhali uamuzi ni kutazama ulichopewa utazame na kueleza ulichokiona bila kuongeza.

Karibu kila mwanafunzi wangu huanzia kwenye utunzaji wa muda, na karibu kila mmoja hudhani ni suala la kubonyeza stopwochi tu. Ishara ya kuanza hutoka kwa sauti pamoja na mwanga, nasi humtaka mtunza muda aufuate mwanga, maana sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mabwawa mengi ya shule zetu yana urefu wa mita 25, kwa hiyo mbio za mita 50 huanza na kuishia kwenye ukuta mmoja na kosa huwa dogo. Katika bwawa la mita 50, mbio hizo huanzia ng'ambo, na anayesubiri sauti huwasha saa yake akiwa amechelewa kwa karibu sehemu 15 za mia za sekunde, hivyo mwogeleaji huandikiwa kasi asiyokuwa nayo. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Anthony Ervin alimshinda Florent Manaudou katika mbio hizo kwa sehemu moja ya mia.

Mwishoni mwa mbio, mtunza muda husogea hadi ukingoni na kuinama, kwani saa husimamishwa kiungo chochote cha mwili kinapogusa ukuta, na mguso huo mara nyingi hutokea chini ya maji. Anayerudi nyumbani na viatu vikavu mimi humtilia shaka. Njia yenye watunza muda watatu hufuata hesabu rahisi: saa mbili zikilingana, muda wake ni huo, zote tatu zikitofautiana, huchukuliwa ule wa katikati, ikibaki saa mbili tu zinazofanya kazi, hutafutwa wastani. Ndiyo sababu humkataza mtu kuchungulia saa ya jirani yake, maana tunahitaji mashahidi watatu, wala si shahidi mmoja mwenye sauti tatu.

Hatua inayofuata, yaani kuhukumu mitindo na mizunguko, ndiyo inayokula muda wetu mwingi, na mtindo wa kifua ndio unaowasumbua wengi. Mwogeleaji hutakiwa kugusa ukuta kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, ikiwa imeachana. Hata hivyo, sheria haidai mikono hiyo iwe kwenye kimo kimoja, na wanafunzi wangu wengi huinua mkono kuripoti kosa kwa sababu tu mkono mmoja uligusa juu zaidi ya mwingine. Vivyo hivyo, baada ya kuruka na baada ya kila mzunguko, teke moja la kipepeo, miguu yote miwili ikipiga pamoja juu na chini, linaruhusiwa kabla ya teke la kwanza la kifua. La pili ndilo kosa.

Mwamuzi mkuu atakuuliza uliona nini, wapi, na sheria ipi imevunjwa. Katika mwaka wangu wa kwanza niliinua mkono dhidi ya mtoto mdogo kwa kugusa kwa mkono mmoja, na nilipoulizwa ni mkono upi nikababaika. Ripoti yangu ilitupwa, na ilistahili kutupwa, kwa kuwa shaka ikiwapo faida humwendea mwogeleaji. Tangu siku hiyo nimewazoesha wanafunzi wangu kuyajibu maswali hayo matatu kimoyomoyo mara tu mkono unapoinuka.

Jihadharini pia na vijitabu vya zamani. Shirikisho la dunia, lililoanzishwa mwaka 1908 kwa jina la FINA, sasa huitwa World Aquatics, na si jina peke yake lililobadilika. Zamani mwogeleaji wa mgongo aliyezama mwili mzima akikaribia kumaliza alifutiwa matokeo; siku hizi anaruhusiwa kuzama kichwa chake kikishapita alama ya mita 5 za mwisho.

Waogeleaji wenye ulemavu nao wana sheria zao, na katika nchi iliyomtoa Husna Kukundakwe, aliyeshiriki Paralimpiki za Tokyo na Paris, sioni udhuru wa mwamuzi kutozisoma. Mwogeleaji asiye na mikono, kwa mfano, anaweza kugusa ukuta kwa sehemu yoyote ya mwili wake wa juu.

Mzazi hapangiwi njia ya mwanawe, hilo silijadili.

Anayetaka kujiandaa kabla ya kuja kwangu na aende mazoezini na mwenzake, kila mmoja na stopwochi yake, wampime mwogeleaji yuleyule mara ishirini bila kuzungumza, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake, halafu waniletee karatasi zote mbili. Nikiona tofauti zao zinapungua kadiri orodha inavyoshuka, nitawapangia njia katika gala inayofuata.