Kuanza na lori moja unaloliendesha mwenyewe, njia ya Dar–Tunduma

Watu huhangaikia pesa ya kununua kichwa (gari la mbele linalovuta) na tela kwa miaka, kisha wanaingia barabarani mfukoni hamna kitu. Hapo ndipo biashara nyingi za lori moja zinapofia. Mwenye malori kumi likimharibikia moja Makambako, tisa bado yanaingiza. Wewe likikuharibikia, kazi yote imesimama na rejesho la benki halisimami. Kwa hiyo kabla hujaenda kuangalia gari, tenga gharama za safari mbili za kwenda na kurudi, pamoja na bei ya matairi manne. Wateja wakubwa mara nyingi hulipa siku 30 au 60 baada ya mzigo kufika, na kituo cha mafuta hakikusubiri siku hizo.

Sasa hesabu. Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 930. Kichwa cha ekseli tatu na tela ya ekseli tatu, kikiwa na tani 30, hunywa lita 45 hadi 50 kwa kilomita 100. Kikirudi kitupu, lita 28 hadi 32. Chukua 48 na 30: kwenda ni lita 446, kurudi ni 279, jumla 725. Kurudi mtupu kunakula zaidi ya nusu ya mafuta ya kwenda na hakuingizi hata shilingi. Ndiyo maana gharama zako zigawe kwa kilomita 1,860, si 930. Dalali akikutajia nauli ya kwenda tu, ipime kama vile hutapata mzigo wa kurudi. Ukiupata, hiyo ndiyo faida. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo mkataba wa miezi kadhaa uwe na kifungu kinachoruhusu nauli kupanda na kushuka na bei hiyo.

Mizigo ya kurudi ipo: mchele wa Mbeya, mbao za Mafinga (hizi usizipakie bila hati ya kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa misitu), viazi vya Njombe. Lakini usikae Mbeya siku nne ukisubiri. Jumlisha sehemu ya mwezi mmoja ya bima na leseni, rejesho la mkopo na ujira wako wa mwezi, gawa kwa 30, upate gharama ya siku moja ya kusimama. Siku za kusubiri zikila zaidi ya kile mzigo utakachobakiza, washa gari uondoke.

Matairi yanataka akaunti yake peke yake. Gari la aina hii lina matairi 22: mawili mbele, manane ya kusukuma (ya ekseli mbili za nyuma za kichwa, zinazozungushwa na injini), 12 ya tela. Tuseme umeyanunua kwa shilingi 600,000 kila moja na yanakwenda kilomita 80,000. Ni milioni 13.2 kugawa kwa 80,000, yaani shilingi 165 kila kilomita. Safari ya kwenda na kurudi inadaiwa karibu shilingi 307,000 za matairi, hata kama siku hiyo hakuna lililopasuka. Ziweke pembeni siku ileile unayolipwa, kwa bei halisi uliyonunulia wewe.

Na adui mkubwa ni tairi la ndani kwenye pacha, yaani matairi mawili yaliyofungwa bega kwa bega. Halionekani, watu hulipiga nyundo na kuridhika na mlio. Nyundo itakuambia tairi lililoisha upepo kabisa, haitakuambia lililobaki na ba (kipimo cha upepo) 5 badala ya 8. La ndani likilegea, la nje linabeba uzito wa mawili, linapata moto na kupasuka, na fundi analaumu la nje. Nunua kipimo cha upepo na upime yote asubuhi, yakiwa ya baridi. Tairi jipya usilifunge pacha na lililokwisha: lenye kipenyo kikubwa litabeba peke yake.

Ukikagua gari kuukuu, fika kabla injini haijawashwa, uishike kwa mkono ujue kweli ni ya baridi. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi na silinda zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Jaza upepo wa breki, zima injini, kanyaga pedeli uishikilie: ikishuka zaidi ya robo ba kwa dakika, kuna uvujaji. Lala chini ya tela uangalie chesesi (fremu ya chuma ya chini) pale springi zinaposhikia. Nyufa zilizochomelewa na kupakwa rangi mpya zinaonekana ukimulika kwa ubavu. Halafu linganisha namba ya chesesi na kadi ya usajili, na uhakikishe gari halina mkopo.

Mizani ya kupimia uzito wa magari barabarani ni somo lenyewe. Kuna ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ni tani 8, mbili za kusukuma zenye matairi pacha ni tani 18, tatu za tela zenye pacha ni tani 24, jumla tani 50. Supa singo (tairi moja pana badala ya pacha) zina kikomo kidogo zaidi. Unaweza kuwa na jumla ya tani 48 na bado ukazuiwa, kwa sababu mzigo umesogezwa mbele na ekseli za kusukuma zimepata 20. Simamia upakiaji mwenyewe, na pima Dar kabla ya kuondoka.

Kwenye mlima wa Kitonga, ukishuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, punguza gia juu kabla mteremko haujaanza, na uiachie breki ya injini kazi kubwa. Ukikanyaga pedeli mfululizo ngoma zinapata moto, breki zinateleza, na kufikia hapo gia ya chini haiingii tena.

Upande wa karatasi: leseni ya udereva ya daraja E, TIN (namba ya mlipakodi), jina la biashara lililosajiliwa BRELA, leseni ya kubeba mizigo ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima, na mashine ya EFD ya kutolea risiti, kwa kuwa mteja mwenye pesa hutaka risiti. Kuvuka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, kunaongeza leseni ya TRA (mamlaka ya mapato) ya mizigo ya transiti, yaani inayopita kwenda nchi nyingine, na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari nje ya nchi. Ningekushauri uanze na mizigo ya ndani mpaka akiba ikae sawa, maana foleni ya mpakani hula siku.

Kontena likiwa na lakiri (kizibo cha kufungia mlango chenye namba), isome namba yake tarakimu moja moja ukilinganisha na hati kabla hujasaini. Mifuko ikilowana au ikipungua, andika idadi kwenye hati ya kupokelea mzigo, kwa nakala zote, mpokeaji asaini na kugonga muhuri palepale. Hati isiyo na muhuri inampa mhasibu wa mteja sababu ya kukurudisha mwezi mwingine. Kubaliana kwa maandishi siku za bure za kushusha, tozo ya kila siku inayozidi, na nani analipa kontena tupu likichelewa kurudi Dar.