Je, wajua? Yenye tundu ni pesa, yenye picha ya simu si pesa

Mwaga mkebe wa pesa za kale mezani, iwe Kampala, Jinja au Arua, uone vitakavyotengwa kwanza. Ni vile vyenye tundu katikati. Mtu huviangalia mara moja tu na kuamua kwamba ni washa za bolti, au tokeni za mashine fulani, kisha huvisukumia pembeni. Kinachobaki kwenye fungu la "pesa halisi" ni kile cha mviringo, kizima, kinachong'aa. Mara nyingi mambo ni kinyume kabisa.

Senti zenye tundu zilikuwa pesa halali za nchi hii kwa zaidi ya nusu karne. Zile za mwanzo, za enzi ya rupia, zina jina la Uganda lenyewe, kwani zimeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni za himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Senti moja ya 1907 ilitengenezwa kwa alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za chuma hicho duniani, lakini hali ya hewa ya huku ikaila, na kufikia 1909 ikahamishiwa kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, tundu halikuondoka. Jina la Uganda ndilo lililoondoka, pakabaki "East Africa" tu, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanatafuta jina la nchi, wakilikosa wanasema ni bandia.

Kwa nini tundu? Chuma kidogo zaidi hutumika, vidole huitambua sarafu hata gizani, na inatungika kwenye kamba. Huenda hili la mwisho ndilo lililowapendeza watumiaji, maana kauri nazo zilikuwa zikitobolewa na kutungwa muda mrefu kabla ya senti kufika.

Tundu hilo lilizaa jambo la ajabu. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti kabla sarafu za kwao zenye sura yake hazijaanza kutumika. Lakini senti zetu tano na kumi hazikuwa na sura ya mtu, kwa kuwa mahali pa kichwa palikuwa tundu. Jina peke yake lilitosha. Kwa hiyo mfalme ambaye Waingereza hawakuwahi kumtia mfukoni kama sarafu, watu wa Masaka na Mbale walinunua naye chumvi. Tafuta "EDWARDVS VIII" na mwaka 1936. Angalia pia kama kuna herufi ndogo H au KN, ambazo ni alama za viwanda viwili vya Birmingham. Usisugue kwa majivu wala limau kabla ya kuangalia, maana herufi hizo hufutika haraka.

Tofautisha tu tundu na tundu. La kiwandani liko katikati kabisa na limezungukwa na ukingo ulioinuka. Lililotobolewa karibu na ukingo wa nje, likikata herufi, ni kazi ya mtu aliyetaka kidani cha shingoni. Na kipande chenye tundu la pembeni na namba iliyogongwa kwa mkono, bila jina la mfalme wala benki, kuna uwezekano kilikuwa cha karakana: fundi alikiacha stoo alipoazima kifaa, kikaning'inizwa msumarini hadi arudishe.

Sasa tuje kwenye tokeni zenyewe, yaani vipande vya chuma vinavyotumika badala ya pesa (si zile tarakimu za umeme wa Yaka). Iliyo rahisi kudhaniwa kuwa sarafu ni ya rangi ya shaba, ina picha ya simu, maneno "gettone telefonico", na namba kama 7607. Hii ni tokeni ya simu za umma za Italia. Kaskazini mwa Uganda, ambako Wakomboni, wamisionari Wakatoliki wa shirika lenye asili ya Italia, wamekuwepo tangu 1910, si ajabu ikajificha mkebeni, ingawa kufika huko pekee hakuthibitishi nani aliileta.

Ikague kwa kidole. Upande mmoja una mfereji mmoja uliopita kutoka ukingo hadi ukingo, upande wa pili una miwili. Hilo si pambo. Ifikirie kama ufunguo na kufuli: meno ya ufunguo hayana uzuri wowote, kazi yake ni kupita pale ambapo ufunguo mwingine unakwama. Simu haikuweza kusoma maandishi. Ilichoweza ni kupima kipenyo, unene, na kuhisi kama mifereji inalingana na mdomo wake. Sarafu ya kawaida, hata yenye thamani kubwa zaidi, ni ufunguo usio na meno. Ndiyo maana mfereji, kona isiyo ya kawaida au ukubwa usiofanana na sarafu yoyote ya nchi ni dalili ya tokeni kuliko tundu.

Nayo 7607 si mwaka wala thamani. Ni Julai 1976, mwezi iliyotengenezwa. Ukweli ni kwamba Waitaliano wenyewe waliichanganya na pesa: chenji ilipoadimika miaka ya 1970, madukani walirudishiana tokeni hizi, na thamani yake ilijulikana, lira 50, baadaye 100, kisha 200. Kwa hiyo mpaka kati ya pesa na tokeni una matope kidogo. Hata kigezo cha "haina thamani iliyoandikwa" hakitoshi, kwani dola ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, iliyozunguka sana Ethiopia, haina thamani popote na mwaka wake daima ni 1780.

Mwisho kuna ile ya njano inayowapandisha watu presha: kichwa cha Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, na nyuma ngao yenye umbo la shupaza ya karata. Wengi huitangaza dhahabu. Guinea ya kweli, yaani sarafu ya kale ya dhahabu ya Uingereza inayoigwa hapa, ina gramu 8 na kitu. Dhahabu yake ya karati 22, kwa ukubwa uleule, ni nzito karibu maradufu ya shaba njano. Nyingi za shaba zilikuwa vihesabio vya michezo ya karata. Soma maandishi yanayozunguka ngao kabla ya kwenda kwa sonara. Baadhi zina maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa kumbukumbu ya siku njema za zamani", na hakuna mfalme ambaye angeruhusu dhahabu yake itangaze kwamba siku njema zimekwisha pita.