Sukari ya Chai, Presha na Muguka: Maswali ya Afya Tunayoulizwa Mombasa

Ikifika saa tisa mchana, mwili hauna nguvu kabisa. Je, nimepungukiwa na damu?

Huenda, na hilo litajulikana kwa kupimwa. Lakini hebu tuhesabu kwanza ulichokunywa tangu asubuhi. Chai ya maziwa na mahamri, vijiko vitatu vya sukari. Saa nne kikombe kingine, vitatu tena. Mchana soda, na soda nyingi za mililita 300 zina sukari ya karibu vijiko vinane. Umeshafika kumi na vinne na jua halijatua! Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe takriban vijiko 12 vya chai kwa siku, na tukiweza tubaki chini ya 6. Sukari hiyo huingia kwenye damu upesi, wala haishibishi kwa muda mrefu.

Usiikate kwa siku moja, utashindwa. Punguza nusu kijiko kila wiki, iliki na tangawizi ziache pale pale; ulimi utazoea. Mahamri yapunguze, mbaazi uziongeze, kwani zina protini na nyuzinyuzi. Juisi ya miwa nayo ni sukari, ihesabu.

Kwa joto hili ninywe maji kiasi gani?

Tazama mkojo. Ukiwa wa rangi hafifu, uko sawa. Ukianza kufanana na chai ya mkandaa, kunywa zaidi. Mwenye maradhi ya figo au moyo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Siumwi popote. Ya nini kupima presha?

Kwa sababu presha mara nyingi haiumi. Mtu anakwenda kazini, anacheka na wenzake, na huku mishipa, moyo na figo zinaharibika. Wengine hujua siku ya kiharusi, na hilo ndilo linalotusikitisha zaidi, maana kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Ila kifanywe vizuri. Usitoke barazani kwenye kahawa tungu ukaenda moja kwa moja kupimwa; pitisha nusu saa. Nenda haja ndogo kwanza, kisha keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza. Ikionyesha 140/90 au zaidi, rudi siku nyingine ihakikishwe. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa kuwa unajihisi mzima.

Na chumvi? Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate, achari na viazi karai. Ndimu, ukwaju na pilipili vitakusaidia kukoleza mchuzi.

Sina pesa za jimu.

Huzihitaji. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Baada ya alasiri jua limepoa. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kuna upepo na nafasi.

Muguka hunipa nguvu ya kazi ya usiku. Una ubaya gani?

Hiyo si nguvu, ndugu yangu. Muguka, majani ya jamii ya miraa, una kathinoni, kemikali inayoficha uchovu, kuondoa njaa, kufukuza usingizi na kupandisha presha. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za kulala, na anayefanya kazi usiku azilipe mchana, chumba kikiwa na giza na simu iko mbali. Ukijaribu kuacha ukashindwa, mwambie mhudumu wa afya bila kuona haya. Atakusaidia.