Je, wajua kwa nini bodi fila ya gari huachia kwenye boti ya faiba?

Mpelekee fundi wa kunyoosha bodi pale Mbeya mjini boti ya faiba iliyochubuka, na huenda akafungua kopo lilelile la bodi fila, rojo la kujazia mabonyeo, analotumia kwenye bamba la daladala. Atapaka, atapiga msasa, atapuliza rangi, na boti itateremka Tukuyu hadi Kyela ikimeremeta. Ikishakaa Ziwa Nyasa kwa muda, rangi inaota malengelenge na fila inabanduka vipande.

Bodi fila ni rezini ya poliesta, plastiki ya majimaji inayoganda ikitiwa hadena (dawa ya kukaushia), iliyojazwa unga wa talki. Gari hunyeshewa mvua kisha likakauka. Tumbo la boti linashinda na kulala majini, na fila hiyo hunyonya maji taratibu. Tena ziwa ni kali kuliko bahari katika hili. Maji hupenya kwenye faiba yakifuata kemikali zilizoyeyuka ndani yake, na kadiri maji ya nje yanavyokosa chumvi ndivyo msukumo wa kupenya unavyozidi. Joto la Kyela nalo linaharakisha.

Ndiyo maana chini ya mstari wa maji watu wa boti hutumia epoksi, rezini ya aina nyingine, ambayo hushika faiba kuukuu vizuri zaidi na haipitishi maji kirahisi. Kwenye kibanda cha nahodha, huko juu, bodi fila sina ugomvi nayo.

Epoksi tupu hutiririka, hivyo hutiwa poda, na poda ndiyo inayoamua kazi. Silika laini, nyepesi hata pumzi huipeperusha, huzuia mchanganyiko usichuruzike na ikikauka inakuwa ngumu mno. Hiyo ni ya kugundishia na kujaza kona zinazobeba mzigo. Ukisawazishia ubavu mzima kwa silika pekee, mkono utakufa ganzi kwa msasa. Kwa kusawazisha kuna vitufe vidogo sana vya kioo, vyenye uwazi ndani: vyepesi, msasa unavila vizuri, ila havina nguvu. Changanya kwanza rezini na hadena mpaka vikolee, ndipo utie vitufe vingi na silika kidogo, mpaka rojo likae kwenye kisu bila kudondoka. Vaa barakoa, poda hizo si za kuvuta.

Tundu lililotoboka mpaka ndani halizibwi kwa poda yoyote ile. Saga kingo zake ziwe mteremko wenye upana wa takriban mara 12 ya unene wa ganda, ujenge matabaka ya kitambaa cha faiba, fila ije mwisho.

Kinachowaponza mafundi wa gereji ni mazoea. Baridi ya Juni na Julai ikibana Mbeya, huzidisha hadena kidogo na bodi fila inawahi kukauka. Epoksi haina huruma hiyo: kipimo cha mtengenezaji kikizidi, inabaki laini na kunata. Kwenye baridi tafuta hadena ya haraka. Kyela tumia ya polepole, na utandaze mchanganyiko kwenye sinia, kwani ukirundikwa koponi huchemka wenyewe.

Epoksi ikishakauka, ioshe kwa maji na brashi kuondoa utando wa mafuta unaojitokeza juu yake, kabla ya msasa. Kisha funika fila kwa epoksi tupu na upake rangi ya boti. Jelikoti ya poliesta, lile tabaka la nje linalong'aa la boti ya faiba, ikipakwa juu ya epoksi mara nyingi hukataa kukauka sawasawa.